Tano za Binti Fundi

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na naanza na hilo ili usije ukanionea huruma mapema. Miaka ishirini na miwili nimeshika chaki. Wanafunzi wananiita Wastani, kwa sababu ukinipa kitu chochote, iwe alama za mtihani, iwe magoli ya timu ya shule, iwe dakika ambazo mwenzangu wa jiografia huchelewa kutoka mapumziko, nitakitafutia wastani. Jina hilo zamani lilinipendeza. Nilijiona mtu wa haki, asiyependelea, namba zikisema zimesema. Siku hizi mtoto akiniita hivyo koridoni nageuza uso kama mtu aliyeitiwa mwizi.

Mambo yalianza shule yetu ilipoamriwa iwe na kipindi cha malezi kwa madarasa ya kati, wale watoto wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na minne ambao leo wanacheka na kesho hawataki kutazamwa. Dakika ishirini kila asubuhi kabla ya somo la kwanza. Kila mwalimu alipewa kikundi cha watoto kumi na wanane, awe mlezi wao mwaka mzima na awafundishe yasiyokuja kwenye mtihani: kuitambua hasira kabla haijapanda, kumsikiliza mwenzako bila kumkatiza, kuomba radhi bila kuongeza "lakini", kuomba msaada bila kuona aibu. Nilimfuata mwalimu mkuu nikamwambia mambo hayo mimi siyawezi, anipe hata usimamizi wa vyoo. Mama yule alicheka mpaka akavua miwani, akasema ndiyo maana tunapelekwa semina.

Semina ilikuwa ya siku mbili. Mwezeshaji, mama mwembamba asiye na haraka, alitufundisha kuita majina kwa namba. Badala ya kuitikia "nipo", mtoto anataja namba kuanzia moja hadi tano. Tano maana yake niko shwari. Moja maana yake nimelemewa, leo nichukulieni taratibu. Akatupa masharti, akayarudia mpaka tukaanza kutazama saa: namba ya mtoto haihojiwi mbele za wenzake, mwenye moja anatafutwa baadaye, pembeni, kwa upole, na namba haiandikwi popote. Hilo la kutoandika lilinikera. Namba isiyoandikwa! Unamwambia mpishi asionje mchuzi?

Kwa hiyo nikaandika, namba ya kila mtoto katika daftari langu. Nilinunua karatasi ya grafu, ile ya viboksi vidogo vidogo, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la darasa. Kila asubuhi watoto wakishatoka nilikuwa napiga hesabu ya wastani wa kikundi na kuchora nukta kwa kalamu nyekundu. Na haki ya Mungu, mwanzoni ilisaidia. Kulikuwa na mtoto aliyesema mbili wiki nzima, nikamvuta pembeni, kumbe haoni ubaoni na anaogopa kusema. Akapata miwani, akaanza kusema nne. Mstari wangu ulipanda, nikajisikia kama daktari.

Basi kichwa kikavimba. Mwalimu mkuu alikuja siku moja kutafuta chaki, akaiona grafu, akapiga mluzi. Kesho yake ikahamia ukutani chumba cha walimu. Wenzangu nao wakaanza kuchora za vikundi vyao, na ukishaweka mistari sita kwenye ukuta mmoja, wewe unadhani walimu watafanya nini? Tulianza kutaniana chai ikinywewa. Mwenzangu wa jiografia akasema watoto wangu wana huzuni kwa sababu ya sura yangu. Nikacheka na wengine, lakini lilinikaa. Bila kujua nimeanza lini, nikawa nikiingia darasani asubuhi nawaambia watoto, haya jamani, tuamke, leo nataka nne na tano.

Katika kikundi changu kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, binti wa fundi friji. Baba yake ana kibanda karibu na stendi, kimejaa friji zisizo na milango, na wenzake walimwita Binti Fundi naye hakujali. Si msemaji. Daftari lake safi, mwandiko mdogo uliolala kidogo kulia. Nilimpenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi asiyemsumbua, yaani nilikuwa simjui.

Muhula wa pili Binti Fundi akaanza kusema moja. Siku ya kwanza nilifuata masharti, nikamsubiri mlangoni, nikamuuliza kulikoni. Akasema ni kichwa tu, mwalimu. Nikasema pole, ukanywe maji. Siku ya pili moja. Ya tatu moja. Nilikuwa na vipindi vinne mfululizo na madaftari mezani yamefika kidevuni, nikasema nitamuita kesho. Kesho zikawa siku tisa. Mstari wangu mwekundu ukashuka, na ukishuka unaonekana, maana mtoto mmoja katika kumi na wanane anavuta. Tena Ijumaa ya wiki ile walikuwa wanakuja wageni kutoka ofisi ya elimu kuziona hizo grafu zetu.

Siku ya tisa aliposema moja, niliweka kalamu chini. Nikasema, mbele ya wote, kwa sauti yangu ya utani, "Binti Fundi, wewe kila siku moja tu, unatuangusha. Hebu tukopeshe hata nne."

Darasa likacheka. Naye akacheka. Hilo ndilo nililojishikia miezi kadhaa baadaye, kwamba alicheka.

Kesho yake nilipofika kwenye jina lake akasema tano. Nikafurahi, wala sifichi. Nikawaambia wenzake wampigie makofi, wakampigia makofi matatu ya nguvu, akainamisha kichwa akitabasamu. Ijumaa wageni wakaja, wakautazama mstari wangu uliopanda mwishoni kama ngazi, wakauliza siri ni nini. Nikawaeleza siri. Nilizungumza dakika kumi na tano kuhusu kuwajengea watoto mazoea ya kutaja hisia zao kwa uwazi. Naikumbuka sentensi yenyewe, na kila nikiikumbuka masikio yanawaka moto.

Kumbe siku zile tisa mama yake alikuwa amelazwa. Hatukujua. Baba yake alikuwa akilala hospitali kwenye kiti, na Binti Fundi ndiye aliyewaogesha wadogo zake wawili na kuwapeleka shule ya chini kabla ya kuja kwetu. Alisema tano siku kumi za shule mfululizo. Kisha siku ya kumi na moja hakuja, na karani akatuletea habari kwamba mama amefariki.

Tulikwenda kuhani, walimu watatu na wanafunzi wachache. Binti Fundi alikuwa ndani na wanawake, sikumwona. Baba yake, mtu mrefu mwenye mikono mizito iliyojaa makovu ya waya, alinishika mkono muda mrefu.

Akarudi shule Jumatatu ya wiki iliyofuata. Sare imepigwa pasi, nywele zimenyolewa. Nilianza kuita majina na nilijua kabisa kwamba nitamfikia, hata hivyo jina lake lilinikuta sijajiandaa, ungedhani sijaipanga orodha hiyo mwenyewe. Nilipomtaja, vichwa vyote vikamgeukia.

"Tano," akasema.

Hakuna aliyecheka. Msichana wa dawati la nyuma yake alifunika mdomo. Nami nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusimamisha zoezi, ningeweza kuiacha nukta ya siku ile, ningeweza kumfuata mapumziko na kumwambia mwanangu, si lazima. Niliandika tano. Nikaita jina linalofuata. Ukiniuliza kwa nini, nitakupa sababu nyingi na zote ni za uongo. Ukweli ni kwamba tano haikunidai kitu. Ningeandika moja ningepaswa kuzungumza na mtoto aliyefiwa na mama, na mimi, mlezi niliyekaa semina siku mbili na kusifiwa na wageni, niliogopa.

Akaendelea na tano zake mpaka mwisho wa muhula. Watoto wenzake wakazoea. Nami nikazoea, Mungu anisamehe.

Mwalimu mkuu aliamua kwamba ripoti za muhula ziwe na sehemu mpya chini kabisa, hali ya mtoto, ambapo mlezi ataandika wastani wa namba zake na maneno mawili matatu. Nilizijaza zote jioni moja nyumbani, mezani, mke wangu akimenya viazi upande wa pili. Kwa Binti Fundi hesabu iliniletea nne nukta tatu. Zile moja tisa ziliipunguza, nikaona kama zinamwonea, nikazifuta, nikaanza kuhesabu tangu siku ya makofi. Ikawa tano kamili. Nikaandika: Mtoto mwenye furaha na moyo imara. Amelipokea pigo vizuri.

Likizo ikapita. Wiki ya pili ya muhula mpya niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nikamkuta fundi friji ameketi ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Alikuja kuomba barua ya uhamisho wa binti yake. Akatueleza bila kujitetea. Watoto watatu peke yake hawawezi, kazi yake ni ya kuitwa huku na huko, wadogo wanabaki kwa majirani. Dada yake anaishi mbali, safari ya siku nzima, amekubali kumchukua mtoto mmoja amlee mpaka amalize shule. Mmoja tu, nyumba yake ni ndogo. Kwa hiyo ilibidi achague.

"Wale wadogo bado wanalia kila siku wakimtaja mama yao," akasema. "Huyu mkubwa sijamwona akilia hata mara moja. Nikawa sielewi. Nikasema labda hakumpenda mama yake, au labda ananificha. Halafu nikasoma karatasi yenu."

Aliitoa mfukoni, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Akaweka kidole kwenye mwandiko wangu. Akasema ndipo alipojua kwamba huyu ndiye mwenye moyo, huyu akipelekwa mbali atavumilia. Kisha akanigeukia akanishukuru. Akasema mke wake marehemu angefurahi kujua mtoto wake alipata mwalimu kama mimi wakati ule mgumu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Tuko pamoja, fundi." Nikampa mkono. Mwalimu mkuu akamwambia barua itakuwa tayari Ijumaa, itahitaji sahihi yake na ya mlezi. Tulikuwa Jumanne.

Jumatano nilimwita Binti Fundi ukumbini wakati wa mapumziko. Nikamuuliza kama anataka kwenda kwa shangazi yake. Akasema baba ameshaamua. Nikamwambia hilo nalijua, nauliza wewe. Akatabasamu, lile tabasamu la siku ya makofi, akasema hamna shida mwalimu, ni sawa tu. Alikuwa amebeba kitabu cha maktaba alichokwenda kukirudisha kabla ya wakati. Nilitafuta neno la kumwambia katika yote niliyowafundisha asubuhi zile mia na zaidi, sikupata hata moja. Nikamwambia aende darasani.

Jioni nikamweleza mke wangu, mwanzo hadi mwisho, mpaka kuzifuta zile moja. Nilitegemea atanipoza, anipe lile neno lake la kwamba hakuna mkamilifu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa nini namwambia yeye. Nikasema nimwambie nani basi. Akasema, "Umelikoroga mwenyewe, mume wangu, linywe. Lakini usimwachie mtoto alinywe yeye." Akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi sikufanya kitu. Naitaja siku hiyo kwa sababu ilikuwepo, na niliipoteza nikisahihisha sehemu na desimali.

Ijumaa fundi alikuwa pale pale ukingoni mwa kiti. Barua imechapwa, mhuri umegongwa. Mwalimu mkuu alitia sahihi, akanisogezea karatasi na kalamu yake. Niliishika kalamu mpaka akakohoa kunikumbusha.

"Fundi," nikasema, "ile karatasi ya ripoti ni ya uongo. Na uongo si wa mtoto, ni wangu."

Mwalimu mkuu aliingilia upesi, akasema mwalimu anamaanisha hizi ni takwimu tu, si kipimo kamili. Nikamwambia hapana, Mkuu, niache. Nikamweleza yule baba yote. Siku tisa za moja ambazo sikuziuliza. Utani wangu. Makofi. Ile Jumatatu baada ya mazishi. Nikamwambia zile moja nilizifuta ili hesabu ipendeze. Sikuweza kumtazama usoni, nilikuwa nazungumza na vifungo vya shati lake. Mtu mzima mimi, mbele ya bosi wangu.

Fundi aliikunjua ripoti tena, akaiweka juu ya barua. Akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hii tano ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema.

Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru. Badala yake alisugua uso kwa viganja viwili, taratibu, na alipoiondoa mikono macho yalikuwa mekundu. Akasema ameuza kitanda cha mtoto wiki iliyopita, amewaambia wadogo dada yao anaondoka kwa sababu yeye hana taabu. Hata kwa mtoto mwenyewe alisema hivyo, nimekuchagua wewe kwa sababu wewe umeshapona, na mtoto akaitikia ndiyo baba. Kisha akaomba aitwe.

Karani akaenda kumtoa darasani. Alipoingia alitusalimia sote, shikamoo, shikamoo, akasimama kando ya kabati la mafaili mikono nyuma. Alidhani kaja kuichukua barua. Baba yake hakujua aanzie wapi, na mimi sikuwa na haki ya kumsaidia. Mwisho akamwambia kwamba mwalimu amemweleza habari za zile namba, na kwamba yeye baba yake anataka kuisikia ya kwake. Ya leo. Ya kweli.

Binti Fundi akafungua mdomo. Kisha, kabla hajasema, akanitazama mimi.

Hakunitazama kwa hofu, wala kwa chuki. Alinitazama kama mwanafunzi aliyesimama ubaoni na chaki, anayesoma uso wa mwalimu ajue jibu gani linatakiwa. Mtazamo huo nimeuona maelfu ya mara na sikuwahi kuuona hivyo. Baba yake aliuona. Mwalimu mkuu aliuona.

Nikatoka. Nilifunga mlango nyuma yangu, nikasimama mapokezi mbele ya meza ya karani. Halafu nikasikia sauti ya fundi, chini chini, akirudia neno moja, huendi, mama, huendi popote, huendi. Na ndipo mtoto akaanza kulia. Kilio kilitoka kwa nguvu mpaka madarasa ya karibu yakakaa kimya, kilio cha miezi minne, mtoto akimwita mama yake kwa jina la nyumbani ambalo sisi hatukuwahi kulisikia.

Karani aliacha kuchapa. Akanitazama kwa jicho kali.

"Mwalimu, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Mimi ndiye niliyemzuia kulia," nikamwambia, nikaenda kuketi kwenye benchi wanapokaa watoto waliofanya makosa, nikasubiri niitwe.